Mwongozaji Asiyechora: Kazi za Isao Takahata

Isao Takahata alifariki tarehe 5 Aprili 2018, akiwa na umri wa miaka 82. Katika habari za sinema za kuchora za Kijapani, jina lake hutajwa karibu kila mara nyuma ya jina la Hayao Miyazaki, mwenzake aliyekuwa mdogo wake kwa miaka mitano, ambaye pamoja naye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Studio Ghibli mwaka 1985. Si ajabu kuwa hivyo. Miyazaki ni mchoraji, na mkono wake hujulikana mara moja kwa mtu aliyekwisha kuona picha zake mbili tatu. Takahata hakuwa mchoraji. Kwa muda wa zaidi ya miaka 50 aliongoza kazi ya watu wenye kuchora, ilhali yeye mwenyewe silaha yake ilikuwa kusoma, kufikiri na kuuliza.

Wengi waliopata kumwandikia wamemwita bwana wa uhalisi, mtu aliyeonyesha maisha ya kila siku kama yalivyo. Jina hilo si la uongo, lakini halitoshi. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba jambo lililomshughulisha tangu mwanzo hata mwisho ni uhusiano ulio kati ya mtazamaji na kile anachokitazama. Takahata aliyashuku machozi mepesi. Alitaka mtazamaji aguswe, lakini asizame; ahurumie, lakini abakiwe na nafasi ya kupima na kuhukumu. Kila badiliko katika namna yake ya kutengeneza picha lilikuwa jaribio la kuipata nafasi hiyo. Na si kila jaribio lilifaulu.

Kwanza yafaa kusema neno juu ya istilahi. Watu wengi huziita sinema za namna hii katuni, na wengine vibonzo. Lakini maneno hayo mawili yanahusu pia michoro ya magazetini isiyokwenda. Neno uhuishaji, ambalo wataalamu wa siku hizi hulitumia, lina faida kubwa, kwa kuwa kuhuisha ni kukipa uhai kitu kisichokuwa nao. Kwa habari ya Takahata neno hili lina maana ya pekee. Mti wa kweli ukipigwa picha, huonekana kwa sababu ulikuwapo. Mti wa kuchorwa hauwi pale ila kwa sababu mtu alitaka uwepo. Basi kila kilichomo katika picha ya kuchora kimechaguliwa, na mwenye kuchagua hana budi kujua kwa nini amechagua. Mtu asiyechora kwa mkono wake aweza kuliona jambo hili wazi kuliko mchoraji, ambaye mkono wake humtangulia.

Takahata alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1935 katika mji wa Ujiyamada, ambao leo huitwa Ise, akakulia Okayama. Tarehe 29 Juni 1945 ndege za Marekani ziliumwagia mji wa Okayama mabomu ya moto, na mtoto huyo wa miaka tisa alikimbia katikati ya moto pamoja na dada yake. Baadaye alisoma fasihi ya Kifaransa katika Chuo Kikuu cha Tokyo. Huko alivutwa sana na picha ya kuchora ya Mfaransa Paul Grimault, iliyotungwa pamoja na mshairi Jacques Prévert. Kwayo aliona kwamba uhuishaji waweza kubeba fikira za watu wazima, nayo siasa na ushairi vikakaa pamoja bila kugombana. Mwaka 1959 alimaliza masomo akaajiriwa na kampuni ya Toei Doga. Mapenzi yake kwa Prévert hayakukoma: alizitafsiri tungo zake kwa Kijapani na kuzichapisha mwaka 2004. Msomaji na akumbuke jambo hili, kwa maana Takahata alifanya kazi ya sinema kwa tabia ya mfasiri: hakuupa moyo wake uhuru kabla ya kulitii andiko lililo mbele yake.

Picha ndefu ya kwanza aliyoiongoza ilitoka mwaka 1968, nayo yaitwa kwa Kijapani Taiyo no Oji: Horusu no Daiboken, yaani safari kuu ya Horusu, mwana wa jua. Kazi ilianza mwaka 1965, ikachelewa sana, na kampuni ikakasirika. Walioitengeneza, wakiwamo Yasuo Otsuka, Yasuji Mori na kijana Miyazaki, walikuwa watu wa chama cha wafanyakazi, na walifanya shauri pamoja juu ya kila jambo. Hata hadithi yenyewe yafanana na hali yao: kijiji chaokoka kwa umoja wa watu, wala si kwa nguvu za shujaa mmoja. Picha ilionyeshwa kwa siku chache tu, na mwongozaji wake hakupewa tena picha ndefu katika kampuni ile.

Lakini mtu wa kukumbukwa zaidi katika picha hiyo si Horusu. Ni Hilda, msichana mwenye sauti nzuri ambaye moyo wake umegawanyika kati ya wanadamu na shetani aliyemlea. Hilda aimbapo, wanakijiji huacha kazi zao wakakaa kumsikiliza, na adui hupata njia. Katika kazi yake ya kwanza kabisa, basi, Takahata ameweka sanaa yenyewe mashakani. Wimbo mzuri waweza kumlevya mtu hata asione kinachotendeka mbele yake. Swali hilo hakuliacha tena.

Mwaka 1971 aliondoka Toei Doga pamoja na Miyazaki na Yoichi Kotabe. Miaka iliyofuata aliitumia hasa katika televisheni, akatengeneza mifululizo mitatu ya hadithi kutoka katika vitabu vya nchi za mbali: Heidi cha Johanna Spyri mwaka 1974, kisa cha mtoto Marco kutoka katika kitabu cha Edmondo De Amicis mwaka 1976, na Anne cha Lucy Maud Montgomery mwaka 1979. Miwili ya kwanza ilikuwa na sehemu 52 kila mmoja, na wa tatu sehemu 50. Maana yake ni kwamba hadithi moja iliendelea mwaka mzima, juma baada ya juma.

Muda huo mrefu ulimpa kitu ambacho sinema ya saa moja na nusu haiwezi kutoa, nacho ni nafasi ya mambo madogo. Kabla ya kuanza Heidi, watengenezaji walikwenda mpaka milima ya Uswisi ili waione nchi kwa macho yao. Matokeo yake ni picha ambamo kukama mbuzi, kuyeyusha jibini motoni na kutandika kitanda cha majani makavu hupewa muda ule ule ambao wengine huwapa wapanda farasi na wapiganaji. Katika Marco, kisa kifupi cha mtoto amtafutaye mama yake kutoka Genoa mpaka Argentina kimetandazwa kikawa safari ya mwaka mzima, na mtoto mwenyewe hakupambwa: mara nyingi ni mkaidi na mwenye kujisikia. Katika Anne, mtazamaji huona kwa macho ya mtoto mwenye ndoto nyingi, na papo hapo kwa macho ya Marilla, mwanamke mtu mzima anayechoshwa na ndoto zile. Hapo ndipo njia ya Takahata ilipokomaa. Kumpenda mhusika ni jambo moja, na kukubaliana naye ni jingine. Mtazamaji alazimishwa kuyashika yote mawili.

Miaka ya 1981 na 1982 zilitoka picha zake mbili zenye watu wa hali ya chini na ucheshi wa kwao: ya msichana Chie wa Osaka, na ya Gauche mpiga selo, kutoka katika hadithi ya Kenji Miyazawa. Mwaka 1987 alitoa picha ndefu isiyo ya kuchorwa, juu ya mifereji ya mji wa Yanagawa ambayo nusura ifukiwe, nayo ikaokolewa kwa wenyeji kuisafisha kwa mikono yao. Kazi hizo hatuna nafasi ya kuzieleza. Yatosha kusema kwamba ya mwisho yaonyesha jinsi alivyopenda kujua kitu kinavyofanya kazi kabla ya kujua kinavyopendeza.

Sasa twafika katika picha iliyompa sifa duniani, nayo ndiyo iliyofahamika vibaya kuliko zote. Hotaru no Haka, Kaburi la Vimulimuli, ilitoka tarehe 16 Aprili 1988 kutokana na hadithi ya Akiyuki Nosaka ya mwaka 1967. Wenye kujua maandishi ya Kijapani wameona kwamba Nosaka hakuliandika neno kimulimuli kwa alama yake ya kawaida, bali kwa alama zenye maana ya moto na kuning'inia au kudondoka. Hivyo mdudu mpole na bomu la moto vimeandikwa kwa neno moja. Hadithi ni ya Seita, mvulana wa miaka 14, na dada yake Setsuko wa miaka minne, waliofiwa na mama yao mjini Kobe kwa mabomu ya Juni 1945, wakahamia kwa jamaa mmoja, kisha wakamwacha na kukaa peke yao katika pango, mpaka njaa ikawaua.

Watu hulia wakiitazama, na wengi husema ni picha ya kulaani vita. Takahata mwenyewe alikana mara nyingi kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa nia yake. Tukiitazama picha kwa makini tutaona kwamba alikana kwa haki. Picha yaanza kwa kifo cha Seita katika kituo cha gari la moshi cha Sannomiya, usiku wa tarehe 21 Septemba 1945. Kwa hiyo hapana tumaini la kumsubirisha mtazamaji. Tangu hapo roho ya Seita, iliyotiwa rangi nyekundu, yayatazama maisha yake yaliyopita. Mahali pamoja, ambapo kimono cha mama chauzwa kwa mchele na mtoto analia, roho ile yaziba masikio. Kwa nini azibe masikio, kama yeye ni mwenye kuonewa tu?

Jibu ni kwamba Seita ana sehemu yake katika yaliyotokea. Yule mama aliyewapokea ana maneno makali, lakini hasemi uongo anapouliza kwa nini kijana mwenye nguvu hafanyi kazi hali wengine wanafanya. Seita hakwenda kusaidia kuzima moto, hakurudi kuomba radhi alipoambiwa arudi, na fedha za mama yake zilikuwa benki. Ni mtoto wa afisa wa manowari, mwenye kiburi cha baba yake. Naye alijenga nyumba ya watu wawili nje ya jamii, kana kwamba mapenzi kwa dada yatatosha kuwa chakula. Mwaka 1988 Takahata alieleza kwamba aliwaona vijana wa wakati ule kuwa wanafanana na Seita, wepesi wa kujitenga pale uhusiano na watu unapokuwa mzito. Ndiyo maana mwishoni roho mbili zile zimekaa kilimani zikitazama taa za mji wa leo. Zinatutazama sisi.

Je, picha ilifaulu? Hapa hatuna budi kusema kweli. Ufundi wake wa huruma una nguvu kuliko ufundi wake wa hukumu. Mistari ya sura imechorwa kwa rangi ya kahawia badala ya nyeusi, ili miili iwe laini; sauti ya Setsuko ni sauti ya mtoto mdogo kwelikweli, nayo ilirekodiwa kabla ya michoro kukamilika. Mbele ya mtoto yule, ni nani atakayekumbuka kumpima kaka yake? Mtazamaji hulia, na akiisha kulia hudhani kwamba ameelewa. Tena wako waliosema kwa haki kwamba picha imenyamaza juu ya mateso ambayo majeshi ya Japani yaliwatesa watu wa nchi nyingine. Manowari ya baba yaonekana katika kumbukumbu za mtoto kama sherehe ya taa na muziki, wala hatuambiwi ilikwenda kufanya nini. Waweza kujibu kwamba ndivyo mtoto aonavyo. Lakini picha iliyotaka mtazamaji ahukumu ingaliweza kumpa ushahidi zaidi.

Naamini Takahata aliliona tatizo hilo, kwa kuwa kazi zake zilizofuata zabadilisha njia. Omohide Poroporo ya mwaka 1991 ina jina lenye tanakali ya sauti: poroporo ni mdondoko wa vitu vidogo vidogo, kama machozi au punje, sawa na vile sisi tusemavyo ndo ndo ndo. Kumbukumbu zinamdondokea Taeko, mwanamke wa miaka 27, mwaka 1982 anapokwenda shamba huko Yamagata kuvuna maua ya rangi. Mambo ya sasa yamechorwa kwa ukamilifu, hata mikunjo ya mashavu mtu anapocheka, kwani sauti zilirekodiwa kwanza na michoro ikazifuata. Mambo ya mwaka 1966 yamechorwa kwa rangi hafifu, na pembeni mwa picha karatasi imebaki nyeupe. Kumbukumbu haina kingo. Msanii amekubali kutojaza.

Katika kumbukumbu hizo kuna moja ambayo msomaji wa huku kwetu ataitazama kwa jicho la pekee. Jamaa ya Taeko yanunua nanasi bichi, kitu cha ajabu na cha ghali mjini Tokyo siku zile, na hapana ajuaye kulikata. Linapokatwa hatimaye, halina utamu waliouwazia. Mmoja baada ya mwingine aweka kipande chake chini, wakakata shauri kwamba ndizi ni bora. Taeko peke yake aendelea kula kwa ukaidi. Kwetu nanasi halina ajabu, nasi hatuna kumbukumbu ya namna ile. Hata hivyo twaelewa kila kitu, kwa sababu picha haikutuambia tuhuzunike. Imetuonyesha nyuso za watu mezani, ikanyamaza. Hapa machozi hayakuombwa, na ufahamu umepatikana. Kasoro yake iko mwisho, ambapo orodha ya majina inapopita picha yampatia Taeko mume na shamba kwa wepesi usiolingana na uangalifu wa saa mbili zilizotangulia.

Mwaka 1994 akatoa Heisei Tanuki Gassen Ponpoko, kisa cha tanuki, wanyama wa jamii ya mbwa ambao katika ngano za Kijapani wana uwezo wa kujigeuza. Vilima vya Tama vinakatwa ili mji mpya ujengwe, na tanuki wanapigana kwa silaha yao ya pekee, yaani kiini macho. Wakusanya nguvu zao zote wakaandaa gwaride kubwa la mizimu katika mitaa ya mji, ili watu waogope waondoke. Watu hawaogopi. Wanafurahi, watoto wanashangilia, na siku ya pili mwenye bustani moja ya michezo atangaza kwamba maonyesho yale yalikuwa tangazo la biashara yake. Picha ni ndefu, na msimulizi wake husema mno. Lakini sehemu hiyo ya gwaride ni uhakiki mkali ambao mwenye sanaa ya uhuishaji amepata kuifanyia sanaa yake mwenyewe. Watu walionyeshwa msiba, wakaona tamasha. Ni nani asiyewakumbuka waliolia kwa ajili ya Setsuko, kisha wakaenda zao?

Baada ya hapo alielekea upande wa kupunguza. Mwaka 1999 alitoa picha ya akina Yamada, kutokana na vibonzo vya gazetini vya Hisaichi Ishii. Haina kisa kimoja. Ina vituko vidogo vya nyumba moja, na mistari michache juu ya karatasi nyeupe, ingawa ilitengenezwa kwa kompyuta. Haikupata fedha. Mwaka ule ule alichapisha kitabu kuhusu hati za michoro za karne ya 12, akidai kwamba ndani yake mna asili ya uhuishaji wa Kijapani. Kama historia, dai hilo lina udhaifu: kufanana si ushahidi wa kurithiana, na kati ya hati zile na sinema kuna karne nyingi pamoja na ufundi mwingi wa kigeni. Kama maelezo ya msanii juu ya njia yake, kitabu kina thamani. Katika hati zile mstari mmoja wa wino humfanya mtazamaji amalizie mwenyewe kile ambacho hakikuchorwa.

Matunda ya fikira hiyo ni picha yake ya mwisho, Kaguya-hime no Monogatari, iliyotoka tarehe 23 Novemba 2013 baada ya kazi ya miaka mingi. Hadithi ni ya kale sana: mkata mianzi amwona mtoto ndani ya mwanzi, amlea, kisha binti huyo arudi mwezini alikotoka. Takahata hakubadili mambo makuu ya ngano. Aliuliza tu swali ambalo ngano haikujibu: huyu binti mwenyewe aliyaonaje maisha ya duniani? Baba mlezi ampenda kweli, naye kwa upendo huo ampeleka mjini, ampa nguo za thamani na jina la heshima, mpaka furaha yote imemtoka. Hapana mtu mwovu katika nyumba ile. Kuna mapenzi yasiyouliza.

Mchoro wa picha hii, ulioongozwa na Osamu Tanabe kwa watu na Kazuo Oga kwa mandhari, ni mstari wa makaa na rangi ya maji, nao mara nyingi haufiki pembeni mwa karatasi. Usiku wa karamu, binti asikiapo wageni wakimfanyia mzaha, atoka mbio. Na anapokimbia mistari yavunjika, yakwaruza, hata mwili wake unakaribia kuwa vumbi la makaa. Hakuna neno wala chozi. Mtazamaji haoni mtu anayekasirika, aona hasira. Na mwisho, watu wa mwezini washuka kwa muziki wa furaha, pasipo huruma wala ukatili, wakamvika joho linalofuta kumbukumbu. Mwongozaji mwingine angaliweka hapo zeze za kulia. Takahata ameweka ngoma za kuchangamsha, na kwa sababu hiyo hasa twajua ni nini kinachopotea.

Gharama za picha zilikuwa kubwa mno, na mapato hayakuzifikia. Hilo halikuwa jambo geni kwake. Alichelewa tangu Horusu; hata Kaburi la Vimulimuli lilionyeshwa mara ya kwanza huku vipande vichache havijatiwa rangi. Aliowaongoza walimlipia ukamilifu wake kwa usiku mwingi wa kazi, wala haifai mhakiki kulisahau jambo hilo kwa sababu matokeo ni mazuri. Mwongozaji asiyechora hana njia ya kupata atakacho ila kwa mikono ya wengine.

Basi tukiitazama kazi yake yote kwa pamoja, hatumwoni mtu wa uhalisi aliyeuacha uhalisi katika uzee. Twaona mtu aliyeshika nia moja akabadili chombo. Mwanzo aliamini kwamba mtazamaji ataona vema akipewa kila kitu: mkate, jibini, mlima, wakati. Kaburi la Vimulimuli lilimfundisha kwamba ukamilifu huo waweza kumzamisha mtu katika huzuni yake mwenyewe. Ndipo alipoanza kuacha karatasi nyeupe. Kwangu mimi kazi yake kubwa ni Kaguya, ingawa yenye sifa nyingi ni ile ya mwaka 1988. Na atakaye kuitazama ile ya zamani kwa haki, na aitazame baada ya Kaguya. Hapo ataiona ile roho nyekundu iliyoziba masikio, naye ataelewa kwamba ilikuwapo tangu mwanzo, ikingoja mtazamaji afute machozi.